Bibi Cameron, Aliyeazima Nuru kwa Wachoraji

Ukiingia katika studio ya mpiga picha, iwe ni Mombasa, Malindi au kwengineko, aghlabu hutaachwa ukae utakavyo. Mwenye studio atakugeuza bega kidogo, atakuinua kidevu, ataisogeza taa upande mmoja na upande wa pili wa uso atauacha na kivuli, kisha nyuma yako atashusha pazia. Hata simu za mkononi za siku hizi zina ufundi wa kuufifiza ukuta ulio nyuma ili uso peke yake ubaki wazi. Mambo haya tumeyazoea hata twadhani ni tabia ya kamera yenyewe. Sivyo. Kamera ikiachiwa shauri lake haichagui baina ya jicho la mtu na kifungo cha kanzu yake. Aliyeamua kwamba uso utangulie na vingine vyote vifuate ni mchoraji wa rangi, karne nyingi kabla ya kamera kuzaliwa, na mpiga picha akaja akasoma kwake.

Miongoni mwa waliolichukua somo hilo kwa wachoraji wakalitia katika kamera, ni wachache waliokuwa shupavu kama Julia Margaret Cameron, bibi wa Kiingereza aliyezaliwa Bara Hindi, akaanza kupiga picha akiwa na umri wa miaka 48, na akafia Ceylon, nchi ambayo leo yaitwa Sri Lanka. Maisha yake yana mengi ya kustaajabisha, na ndani yake limo jambo moja linalotugusa sisi watu wa upande huu wa Afrika, nalo tutalifikia mahali pake.

KUZALIWA NA KUOLEWA

Alizaliwa Calcutta tarehe 11 Juni 1815. Baba yake, James Pattle, alikuwa afisa wa Kampuni ya East India, ile iliyoingia Bara Hindi kwa biashara ikaishia kwa kutawala. Mama yake alikuwa wa nasaba ya Kifaransa, na binti akapelekwa Ufaransa kwa nyanya yake akasomeshwa huko. Wasichana wa nyumba hiyo waliofikia utu uzima walikuwa saba, na dada zake walisifiwa kila mahali kwa uzuri. Yeye hakuhesabiwa katika wazuri. Alijulikana kwa akili, kwa ukarimu uliopita mpaka, na kwa kutokubali kuambiwa hapana.

Katika mwaka 1836 alikuwa Rasi ya Tumaini Jema, Afrika Kusini, akijipumzisha baada ya maradhi. Huko alikutana na wanaume wawili waliokuja kuyageuza maisha yake. Mmoja ni Charles Hay Cameron, mwanasheria aliyemzidi umri kwa miaka 20. Walioana Calcutta mwaka 1838. Wa pili ni Sir John Herschel, mtaalamu wa nyota, aliyekuwa huko akizichungua nyota za upande wa kusini. Herschel ndiye aliyegundua, mwaka 1819, sifa za ile dawa ambayo baadaye ilitumiwa kuizuia picha isifutike, na alikuwa miongoni mwa wa kwanza kabisa kulitumia jina la Kiingereza la sanaa hii ya kupiga picha, mwaka 1839. Picha za mwanzo za namna hiyo alizoziona Bibi Cameron alipelekewa na rafiki yake huyu, yeye akiwa bado Bara Hindi.

Hapa yafaa tukumbushane kwamba mizizi ya elimu hii inafika mbali zaidi ya Ulaya. Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefia Misri karibu na mwaka 1040, alieleza katika maandishi yake juu ya nuru jinsi mwanga unavyopenya katika tundu dogo la chumba cha giza na kuitupa ukutani sura ya kilichoko nje. Waarabu walikiita chumba hicho al-bayt al-mudhlim, nyumba ya giza, na neno kamera lenyewe kwa Kilatini maana yake ni chumba. Baadaye wachoraji wa Ulaya walikitumia chumba hicho kuifuatisha sura kwa kalamu, kabla haijapatikana dawa ya kuishika sura yenyewe. Kwa hiyo uchoraji na kamera ni jamaa wa tangu zamani.

BARAZA LA DADA YAKE

Mwaka 1848 Bwana Cameron alikuwa amestaafu na familia ikahamia Uingereza. Dada yake Bibi Cameron, Sara Prinsep, alikuwa na nyumba London iitwayo Little Holland House, na nyumba hiyo ilikuwa baraza ya washairi, wachoraji na wanavyuoni. Aliyekaa humo zaidi ya miaka 20 kama mtu wa nyumbani ni mchoraji George Frederic Watts, mtu aliyevipenda mno vitu vya Titian na wachoraji wengine wa Venice. Watts alikuwa amejipa kazi ya kuwachora wakubwa wa zama zake, kichwa na mabega tu, nyuma pakiwa giza, ili mtazamaji asipate cha kutazama ila uso. Bibi Cameron alikaa miguuni pa kazi hiyo kwa miaka mingi kabla hajaishika kamera, na baada ya kuishika alikuwa akimpelekea Watts picha zake azitoe makosa.

Mwaka 1860 akina Cameron walihamia Freshwater, katika kisiwa cha Wight, karibu na nyumba ya mshairi Alfred Tennyson. Nyumba yao waliiita Dimbola, kwa jina la shamba lao la kahawa huko Ceylon.

ZAWADI YA MWAKA 1863

Ilipofika Desemba 1863 mumewe alikuwa safarini Ceylon kutazama mashamba, watoto wamekua, na nyumba imepoa. Binti yake na mkwewe wakamletea kamera kubwa ya mbao ili ajiliwaze kwa upweke. Wao waliitoa iwe mchezo. Yeye aliishika kama mtu aliyekuwa akiingojea tangu kuzaliwa. Banda la kuku akaligeuza studio kwa kuwa lilikuwa na vioo, kuku wakatafutiwa pengine, na ghala la makaa likawa chumba cha giza. Mwezi wa Januari 1864 alipiga picha ya msichana mdogo aitwaye Annie, na hiyo akaihesabu kuwa picha yake ya kwanza iliyofaulu.

Kazi ya siku zile haikuwa ya kubonyeza kitufe. Kioo kilipakwa gundi iitwayo kolodioni, kikachovywa katika dawa ya fedha, kikatiwa ndani ya kamera kingali kibichi, na kabla hakijakauka ilibidi kitolewe kikasafishwe gizani. Aliyekuwa akipigwa hutakiwa asitikisike kwa dakika tatu, tano, hata saba. Kisha picha ikahamishwa juani kwenye karatasi iliyopakwa ute wa yai, ikaoshwa kwa maji mengi ya kisimani. Dawa ya fedha ikigusa ngozi huiacha nyeusi, na vitambaa vingi vya meza katika nyumba ile viliharibika. Yasimuliwa kwamba Garibaldi, shujaa wa Italia, alipomzuru Tennyson mwaka 1864, Bibi Cameron alipiga magoti mbele yake akimsihi akubali kupigwa picha, na Garibaldi alipoiona mikono ile myeusi akamdhania ni ombaomba.

ALICHOKITOA KWA WACHORAJI

Wapiga picha wa biashara wa wakati ule walikuwa na kanuni zao. Mteja husimamishwa mwili mzima kando ya meza au nguzo, mwanga ukammwagikia pande zote, na picha iliyohesabiwa nzuri ni ile ambayo ungeweza kuhesabu nyuzi za koti. Kwa ukubwa haikuzidi sana kiganja cha mkono.

Bibi Cameron aliyapindua yote hayo. Aliisogeza kamera mpaka uso ukaijaza karatasi. Madirisha aliyafunika kwa mapazia akaacha mwanga uingie kwa upande mmoja au kwa juu, kama alivyofanya Rembrandt wa Uholanzi, ambaye katika picha zake nusu ya uso hung'ara na nusu huzama. Nguo za mtindo alizivua akawatanda watu mashuka na shali zisizo na zama, kama walivyofanya wachoraji wa Italia. Na katika kuuweka sawa mwanga wa lenzi, alipofika mahali ambapo uso ulimpendeza alisimama hapo hapo, hata kama kwa kanuni za ufundi bado kulikuwa na ukungu. Wachoraji walikwishajua kwamba ukungu kidogo huufanya uso uwe na uhai, kwani jicho la mtu nalo halioni kila kitu kwa ukali mmoja.

Hakuficha madeni yake. Picha moja ya mwaka 1865 aliipa jina la kusema kwamba imefuata mtindo wa Perugino, mwalimu wa Raphael. Mwaka 1866 alimkalisha May Prinsep, msichana wa familia, akampiga kwa kuifuata ile picha mashuhuri ya Beatrice Cenci iliyokuwa ikinasibishwa na Guido Reni. Watoto wa majirani aliwafunga mbawa za ndege mabegani wakawa malaika wa Raphael.

Wakosoaji hawakumpa nafasi ya kupumua. Mwaka 1864 alikubaliwa kuwa mwanachama wa Chama cha Wapiga Picha cha London, na gazeti la chama hicho hicho likamshutumu kwa ukungu, kwa alama za vidole na kwa mikwaruzo ya vioo. Tennyson mwenyewe aliitania picha yake ya mwaka 1865 kwa kuiita ya mtawa mchafu, na juu ya hivyo aliipenda kuliko nyingi. Lakini Henry Cole, mkuu wa makumbusho ya South Kensington, ambayo leo ni Victoria and Albert, alizinunua kazi zake mwaka 1865, na mwaka 1868 akampa vyumba viwili humo afanye studio.

Ugomvi huo si mgeni kwetu. Wanavyuoni wa Kiislamu nao wamejadili sana hukumu ya picha, na Sheikh Muhammad Bakhit al-Mutii, aliyekuwa Mufti wa Misri mwanzoni mwa karne ya 20, aliandika risala ya kuihalalisha picha ya kamera, kwa hoja kwamba mpiga picha haumbi kitu bali hukizuia kivuli ambacho nuru yenyewe imekifanya. Wapo waliomkubali na wapo waliomkataa. Kwa upande wa sheria tuwaachie wenye elimu yao. Kwa upande wa sanaa, maisha ya Bibi Cameron yaonyesha kwamba hata anayekizuia kivuli huchagua kivuli gani akizuie na kipi akiache, na katika kuchagua huko ndimo ulimo ufundi wake na ndiyo amana yake.

WAKUBWA NA WATUMISHI

Waliokaa mbele ya kamera yake ni watu ambao majina yao hayajafutika. Darwin alipanga nyumba kwake Freshwater katika kiangazi cha mwaka 1868 akapigwa picha huko. Thomas Carlyle alipigwa mwaka 1867, uso wake ukitoka gizani kama jiwe lisilochongwa likaisha. Mwaka huo huo alimwendea Herschel nyumbani kwake, naye keshakuwa mzee. Inasimuliwa kuwa alimtaka kwanza azioshe nywele ili zisimame zing'are, na ndivyo zilivyo katika picha ile, nywele nyeupe zikiuzunguka uso kama mwanga wa nyota alizozitazama maisha yake yote.

Kwa wanaume alitafuta akili, na kwa wanawake alitafuta uzuri, na hii ni kasoro aliyoirithi kwa wachoraji wale wale. Wanawake wake wengi hawana majina yao katika picha, bali wana majina ya hadithi. Mary Hillier, mtumishi wa nyumba, alipigwa mara nyingi mno akiwa Bibi Maryamu mamake Nabii Isa, hata watu wa Freshwater wakamtania kwa jina hilo. Mary Ryan alikuwa mtoto wa Kiayalandi aliyekutwa akiomba pamoja na mamake huko Putney. Bibi Cameron akamchukua, akamsomesha, akamfanya mtumishi na pia akampiga picha za mabinti wa hadithi. Kijana mmoja aitwaye Henry Cotton, wa utumishi wa serikali ya Bara Hindi, alimwona katika maonyesho ya picha hizo London, akampenda, na wakaoana mwaka 1867. Cotton alikuja kuwa kamishna mkuu wa Assam na, mwaka 1904, rais wa chama cha Congress cha Bara Hindi, na mkewe akaitwa Lady Cotton. Hapo picha ilimletea mtu kheri. Haikuwa hivyo kwa kila mtu.

MTOTO WA MFALME WA UHABESHI

Mwezi wa Aprili 1868 jeshi la Uingereza liliiteka ngome ya Magdala huko Uhabeshi, na Mfalme Tewodros wa pili akajiua ili asishikwe. Hazina yake, vitabu na vitu vya kanisa vilichukuliwa. Akachukuliwa pia mwanawe, Alemayehu, mtoto wa miaka saba. Mamake alifariki njiani kabla ya kufika pwani. Mtoto akapandishwa meli akapelekwa Uingereza chini ya ulezi wa Kapteni Tristram Speedy, akafikishwa mbele ya Malkia Victoria katika kisiwa kile kile cha Wight. Julai mwaka huo Bibi Cameron akampiga picha.

Kwa kazi ya mikono ni picha za kumsifu. Mwanga ni ule ule aliompa Tennyson na Darwin, bila ya kumpunguzia mtoto kwa kuwa ni Mwafrika. Amevaa mavazi ya kwao, nyuma yake hakuna kitu, na uso wake hauna kicheko. Picha nyingine yuko pamoja na Speedy, Mwingereza aliyejivika mavazi ya Kihabeshi. Walionunua picha hizo waliiona huzuni ya yule mtoto wakaihesabu kuwa ni uzuri, kama mtu aonavyo huzuni katika picha ya rangi ya mwana wa mfalme wa hadithi. Lakini mtoto hakuwa wa hadithi. Alikuwa yatima mwenye miezi mitatu tu tangu kumpoteza baba, mama na nchi. Nayo makumbusho iliyompa Bibi Cameron vyumba viwili ndiyo iliyokuja kuwekwa taji na kikombe cha dhahabu vilivyotoka Magdala.

Alemayehu hakurudi kwao. Alifariki Leeds mwezi wa Novemba 1879 akiwa na umri wa miaka 18, akazikwa Windsor. Wahabeshi wameomba mara kadha mifupa yake irudishwe, na mwaka 2023 kasri ya mfalme wa Uingereza ilikataa. Watu wanaomkumbuka leo wanaushika uso wake kutokana na picha za mwaka ule wa 1868. Basi nuru ile iliyoazimwa kwa Rembrandt ilifanya mambo mawili kwa pamoja, ilimhifadhi mtoto asisahauliwe, na ilikipamba kitendo alichotendewa.

KUFIA CEYLON

Bibi Cameron hakupata utajiri katika kazi hii. Aliziandikisha picha zake zaidi ya 500 kwa sheria ya haki za msanii, akaziuza kwa duka la Colnaghi la London, akawaomba wakubwa waziwekee sahihi ili zipande bei, na bado matumizi yalizidi mapato. Kahawa ya Ceylon nayo ilipatwa na ugonjwa wa kutu ya majani uliozuka mwaka 1869. Mwaka 1875, baada ya kumaliza picha za mashairi ya Tennyson juu ya Mfalme Arthur, ambamo mumewe mwenye ndevu nyeupe alikuwa mchawi Merlin, walihama wakaenda kukaa Ceylon. Inasimuliwa kwamba walisafiri na majeneza yao wenyewe, na kwa kuwa hayakuwa na kazi bado, waliyajaza vyombo vya udongo na vya kioo.

Huko alipiga picha chache tu, na zilizosalia hazifiki 30. Alimpiga mchoraji Marianne North alipowatembelea mwaka 1877, na akawapiga wafanyakazi wa mashamba na wakulima wa Kalutara. North jina lake lipo. Wale wengine walibaki bila majina. Bibi Cameron alifariki tarehe 26 Januari 1879, miezi michache kabla ya yule mtoto wa Uhabeshi, na mumewe akamfuata mwaka 1880.

ALICHOTUACHIA

Kwa muda jina lake lilififia, kisha likafufuka. Januari 1913 Alfred Stieglitz wa Marekani alizichapa picha zake katika jarida lake la Camera Work. Mwaka 1926 Virginia Woolf, mjukuu wa dada yake, alitoa kitabu cha picha hizo pamoja na Roger Fry. Mwaka 2024 makumbusho ya picha za sura ya London ilizitundika kando ya kazi za Francesca Woodman, Mmarekani wa karne ya 20, na watazamaji walioingia wakaona ni dada mmoja na mwenzake. Studio hata leo hufundisha mwanga uitwao wa Rembrandt, ule unaoacha pembe tatu ndogo ya nuru kwenye shavu la upande wa giza. Na wale wapiga picha wa vibandani pale kivukoni Likoni, miaka ya 1990, waliowasimamisha wateja mbele ya mapazia yaliyochorwa bahari na meli, walikuwa nao wakiendeleza mkataba wa zamani baina ya brashi na kamera.

Wachoraji walimfundisha Bibi Cameron kuuheshimu uso, nasi tumefaidika. Walimfundisha pia kumvisha mtu maana ambayo si yake, na hilo nalo tumelirithi. Wenye watoto wanaojifunza kazi hii leo wawaonyeshe picha ya Darwin na picha ya Alemayehu kando kwa kando. Mwanga ni mmoja na mkono ni mmoja. Kisha wawaulize ni nani kati ya wawili hao aliyeulizwa kama yuko radhi kupigwa.